Vichupa Viwili Vilivyopoteza Majina

Nateete, Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, barabara imekuwa uji, na watu wa bodaboda wamejibanza chini ya vibaraza kama kuku.

Niambieni, nyinyi wasomaji wangu kumi na wawili (namhesabu na shemeji): Kampala hii nzima, nani ana bahati kama Rajabu? Leo nimeingia maabara kule Nakawa kukiri kosa ambalo kwalo mtu mwingine angefungiwa geti, nikatoka nimesamehewa, tena na kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Nimeendesha malori ya jeshi mpaka Juba, nimekula samaki Goma, nimelala njaa Mombasa, na kote huko Mungu alinifunika. Leo amenifunika tena.

Basi nisimulie, maana bahati isiyosimuliwa huoza.

Kwa asiyejua kazi yangu ya sasa: mimi ni dereva na mtega panya. Cheka umalize. Si hawa panya wa sokoni Nakivubo wanaotoboa magunia ya watu. Wangu ni panya wa kinamasi, mnene, uso butu, masikio mafupi, anayekata nyasi na kuacha vijia safi kama amepita na panga. Tukimshika tunamkata ncha ya mkia, kipande kama punje ya mchele, tunakitia kwenye kichupa cha spiriti, halafu tunamwachia aende kwao.

Mwenye utafiti ni Akello, msichana wa Lira, baba yake alikuwa polisi, marehemu sasa. Anasomea udaktari wa sayansi. Yeye huniita Afande kwa sababu ya yale malori. Mimi nilianza kumwita Daktari siku ya kwanza tu. Akasema bado. Nikamwambia jina hutangulia, cheti kitalifuata lenyewe.

Shule yangu iliishia Senior Two, lakini huyu binti alinieleza mpaka nikaelewa. Ndani ya chembe za mwili kuna viwanda vidogo vya nguvu, vinaitwa mitokondria, na vina maandishi yao wenyewe. Maandishi hayo mtoto huyapata kwa mama tu. Baba hata awe jenerali, hapitishi herufi moja. Ukiyasoma yote, toka mwanzo mpaka mwisho, unajua huyu ni wa ukoo gani wa kina mama, nyuma mpaka kwa bibi wa mabibi.

Alikuwa na maandishi ya panya wa nyasi wa nchi za baridi pia, wale ambao Wazungu huwaita voli. Nilipoona picha nikasema, huyu si ni wetu, amevaa koti tu. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akanichorea mti: voli tawi lile kule, wetu tawi hili huku, na kati yao safari ndefu kuliko ya Juba. Wamefanana kwa sababu wote wanakula nyasi na kujificha ndani ya nyasi. Undugu wa karibu hakuna.

Hilo liliniingia haraka. Mimi nafanana na mchungaji mmoja wa hapa Nateete, na akina mama hunisimamisha barabarani niwaombee. Nawaombea. Mimi Mwislamu, lakini dua ni dua.

Sasa kosa.

Siku ya kwanza kabisa Akello aliniambia jambo moja: kile kikaratasi cha jina kinachoingia ndani ya kichupa kinaandikwa kwa penseli. Spiriti hula wino. Penseli haiiwezi. Jambo la mtoto wa Primary One.

Mwaka jana tulikuwa mlimani, upande wa mashariki, siku ya mwisho ya kutega. Akello alikuwa na malaria. Nikamwambia lala hemani, Daktari, Rajabu yupo. Asubuhi nikapanda mpaka kwenye mianzi, wanakokaa ndugu zao wa juu, nikapata panya mmoja. Hapo penseli ikavunjika, na wembe wa kuchongea nimeuacha kambini. Mfukoni nilikuwa na kalamu yangu ya wino, ya rangi ya dhahabu, niliyoletewa kutoka Dubai. Nikasema moyoni, wino wa Dubai si wino wa mtaani. Nikaandika. Nikashuka mpaka kinamasi cha chini, nikapata wa pili, nikaandika tena kwa kalamu ile ile. Hata nilipiga saini ya madoido.

Tulipofika Kampala vikaratasi viwili vilikuwa vyeupe kama yai lililomenywa.

Ningesema siku ile, tungepoteza panya wawili tu. Lakini mimi ndiye niliyejisifu kwa wageni wa maabara kwamba namjua panya kwa mkia wake, hata nikifungwa macho. Nikaviangalia vile vijipande vya mkia. Vilikuwa kama vipande viwili vya kamba ya kiatu. Nikachukua penseli. Huyu wa juu. Huyu wa chini. Sikumwambia mtu.

Miezi ikapita. Siku moja Akello akatoka maabara mbio, mpaka kwenye gari.

"Afande! Njoo uone maajabu. Huyu wa kinamasi ana maandishi ya kina mama wa mlimani!"

Nikasema, "Eh! Amefikaje huko?"

"Si ndiyo utamu wenyewe? Zamani sana mama mmoja alishuka kutoka juu, akazaa na wa chini. Mabinti wake wamebaki kinamasini mpaka leo. Hakuna aliyejua!" Akaruka kama mtoto. "Lazima tumpe jina. Mama yako aliitwa nani?"

Nikasema, Zamzam.

Yeye alijua habari ya mama yangu, maana njia za mlimani ni ndefu na mimi sina kufuli mdomoni. Mama aliteremka kutoka kaskazini kwa miguu, mimi mgongoni, mpaka kwa watu wetu Wanubi wa Bombo. Alikufa miaka minne iliyopita. Hakuzaa mwingine. Na mimi nimezaa wavulana watupu, ambao maandishi yao ni ya mama yao. Siku aliponieleza hayo mambo, Akello alisema kwa upole, "Bambi, pole, Afande. Kwa hiyo maandishi ya mama yako yanaishia kwako." Nilikaa nyuma ya usukani muda mrefu. Nilikuwa nimemzika mama mara moja, kumbe bado yupo, na siku yangu ikifika atazikwa tena.

Basi wazia. Akabandika ule mti ukutani, na kwenye tawi lile la ajabu akaandika kwa mkono wake: Zamzam.

Nilijua dakika ile ile kwamba ni kile kichupa nilichobahatisha; cha mwenzake hakikutoa maandishi kamwe. Nilijua kabla hajamaliza herufi ya mwisho. Na nikanyamaza, kwa sababu jina la mama yangu lilikuwa limepata mahali pa kukaa, na kwa sababu yule binti alikuwa anacheka.

Akajenga sura nzima ya kitabu chake cha shahada juu ya tawi hilo. Ijumaa hii ndiyo siku ya kukikabidhi kwa wakubwa wake.

Jumapili alimpigia mama yake Lira, akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie. Mama yule aliishi kambi za polisi, Kiswahili chake ni kile chetu cha kambini. Akasema, "Asante baba. Wewe nalinda mtoto yangu kule mlimani. Mungu akupe." Nikajibu amina. Kisha nikatoka nje nikafuta vioo vya gari vilivyokuwa safi tayari.

Leo nikaenda.

"Daktari, vile vichupa viwili vya mwisho niliviandika kwa kubahatisha. Wino ulifutika. Zamzam si wa kinamasi. Nadhani niliwabadilisha."

Akacheka. "Afande, wiki hii si ya mizaha, tafadhali."

Hiyo ndiyo faida ya kuwa mchekeshaji. Ilibidi niseme mara ya pili, bila kuonyesha meno. Nikamwona anaelewa polepole, kama mtu anayesikia maji yanaingia ndani ya nyumba.

"Hatuwezi kuwarudia," akasema. "Tuliwaachia."

"Tuliwaachia."

"Na vingine?"

"Vingine vyote sawa. Wallahi."

"Nitajuaje?"

Niliapa tena, lakini kiapo hakiingii kwenye mti wa ukoo. Akafungua kabati, akatoa masanduku ya miaka mitatu, vichupa vyote vyenye mwandiko wangu. Akawa anainua kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, anasoma, anakiweka upande. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa na hasira. Alikuwa anakagua kazi yangu kama ya mtu asiyemjua. Ijumaa haipo tena. Sura ile inatoka, pengine na nyingine zinatoka nayo, pengine na mwaka mzima.

Halafu akaubandua ule mti ukutani, akaukunja mara mbili, jina likabaki ndani.

Nilingoja aseme kitu. Mimi ni mtu wa maneno. Neno lolote ningelipokea, hata tusi. Alisema, "Bwana Rajabu, acha funguo za gari mezani."

Bwana Rajabu. Miaka mitatu sijawahi kulisikia hilo kwake.

Nimetembea kutoka Nakawa mpaka hapa kwa miguu. Viatu viko jikoni vinavuja maji, mke wangu ameniuliza gari liko wapi, nikamwambia liko gereji. Halafu nikafungua simu, na vidole vyangu vikaanza kuandika habari za bahati, kama kawaida yao.

Hakukuwa na chai. Akello hakunisamehe, na mimi sikuthubutu kumwomba.