Maji ya Bi Mauza Shinani mwa Mkungu

Wewe Melkiori, ungekuwa karibu na baraza yangu ningekuvuta sikio mpaka lirefuke. Mtu mzima unamkemea mama wa watu njiani, watu wote wanatazama! Barua yako naiweka hapa kama ulivyoiandika, wasomaji waione wenyewe. Kisha tutasema.

*Kwako Bibi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana moyo wangu umechoka, mimi ni mtu wa Kilimanjaro, Mkristo, sijatimiza mwaka hapa Dar es Salaam, na kazi yangu ni kumwagilia ile miti michanga ya mikungu iliyopandwa njiani Kariakoo kuelekea Msimbazi, na zamani tulikuwa watu watatu na mikokoteni mitatu ya mapipa, lakini tangu bei ya mkonge ianguke ofisi inasema fedha za mji hazitoshi, wenzangu wakaachishwa nikabaki peke yangu, tena nimeamriwa nimalize kwanza miti ya upande wa Posta wanakopita mabwana, na nikifika Kariakoo pipa limekauka, na msimamizi amesema mti ukifa hautapandwa mwingine. Sasa Bibi, mti mmoja tu ulikuwa unastawi, ulio mbele ya nyumba ya Bi Mauza binti Ubeid, mjane, mama mwema sana, kila asubuhi huniwekea kikombe cha kahawa barazani na huniita mwanangu, nami sikujua kwa nini mti ule unastawi mpaka siku moja nikapita mapema nikamkuta ameinama shinani na kopo lake ananawa uso na mikono na miguu, na sisi tumeonywa kwamba maji ya sabuni huua miche, nikashikwa na hasira nikapaza sauti, "Mama, huu mti wa Serikali, si shimo la maji machafu!" Watu wakageuka, naye akachukua kopo lake akaingia ndani. Jirani yake Hamud, muuza nazi, ndiye aliyenicheka, "Ewe mtu wa mlimani, mama anatawadha, sabuni umeiona wapi? Umemwambia Mwislamu udhu wake uchafu!" Bibi, nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo anatawadha ndani na mti unanyauka, kahawa bado naikuta barazani imefunikwa kisahani lakini yeye simwoni, nami naipita nimeinamisha kichwa, sithubutu kuinywa. Je, niombe nihamishwe mtaa mwingine? Kumwomba radhi naona haya, na mimi si wa dini yake. Ni mimi, Melkiori wa pipa.*

Marahaba. Uhame uende wapi, na mti utauchukua mgongoni?

Hukujua, hilo nakukubalia. Kwenu maji yanapita mferejini mbele ya mlango. Hapa kopo moja la maji limesimamiwa foleni bombani, likabebwa kichwani. Yule mama angeweza kutawadha uani kwake akastarehe. Akatoka nje na magoti yake ya uzee, akainama njiani, ili mti wako upate kunywa. Halafu wewe ukamfokea. Mimi ningekupiga na kopo.

Lakini ujinga wako wa pili ndio umeniuma zaidi. Mwanamke aliyekukasirikia atakutengea kahawa? Anaifunika kisahani inzi wasiingie, wewe unaipita! Unadhani anamwekea nani, Hamud? Amekwisha kukusamehe zamani, baba. Anachongoja ni wewe uinue kichwa, na kila asubuhi anakiondoa kikombe kile kimepoa. Huoni hata huruma?

Na nyinyi wa ofisini, mliopanda miti kwa mapipa matatu mkaitunza kwa moja, kama fedha hakuna si mngesema na wenye mitaa? Kariakoo nzima watu wanatawadha mara tano kwa siku, maji yanakwenda mtaroni. Maji ya kuoshea mchele nayo hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyekuja kutuomba.

Basi Melkiori, siku utakapoliona gazeti hili, ngoja watu watoke kuswali alasiri, uvae shati safi, uende. Piga hodi. Vua kofia. Sema, "Shikamoo mama, nimekosa, niwie radhi," kisha unyamaze. Usianze habari za sabuni na msimamizi. Wala usijitie woga kwa ajili ya dini yako, nani kakwambia mkungu una dini?

Akikupokea, mwombe akusemee kwa wanawake wenzake, kila nyumba iutazame mti ulio mbele yake, maji ya udhu na ya mchele, ya sabuni hapana. Wewe chimba vibonde vidogo shinani, maji yanywewe upesi yasituame, usije ukatuletea mbu na watu wa afya wakatutoza faini.

Na akikuuliza kama umekula, usimwambie umeshiba. Kaa mkekani, nawa mikono, ule.