Kuvu na Mguu wa Fatuma

Mjukuu wangu Zaina,

Hapa Alunguli, Kindu, tuko wazima. Mama yako amepona malaria na ameanza tena kubishana nami. Umeniuliza kama ni upuuzi kusomea kuvu, maana wajomba wanakucheka kwamba umeenda Kinshasa kufuga uozo. Wacha wacheke!

Wakati wa Zaire, tulipoitana sitwayeni badala ya bwana na bibi, dada yangu Fatuma alijifungua, kisha mguu wake ukavimba na kuwa moto. Mavyaa yake akaleta beseni la maji ya moto amkande, kama mzazi yeyote anavyokandwa. Jirani yetu muuguzi akaingia mbio.

"Mama, usiguse! Damu imeganda ndani ya mushipa. Ukiminya, pande litang'oka lifike kwenye mapafu, atakufa."

"Weye mwanaume, ulizala lini?"

"Basi leta dawa ya kuliyeyusha!" nikamfokea muuguzi.

"Hapa Kindu? Haiko, sitwayeni."

Nikasimama kati ya kitanda na beseni. Mavyaa akaniita muchawi. Nikamjibu vibaya zaidi. Fatuma akakohoa, na sote watatu tukageuka kumtazama kifua.

Hakukandwa. Alipona polepole, na hatukujua kama ni kwa sababu yetu.

Sasa unasema kuvu fulani hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha damu iliyoganda, ila bado mnakipima kisije kikamwaga damu ya mtu. Kipimeni bila haraka. Siku ile nilikuwa nimesoma kuliko wote mtaani, na vitabu vyangu vyote ningevitoa kwa tone lake moja.

Kula vizuri,
Koko yako