Usisahau Paa

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili asubuhi

Mpendwa Dada,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, nakutangazia kwamba kitasa cha mlango wa lori kimekamilika. Kina ukubwa wa punje ya mchele, na kinang'aa. Simama kidogo kukipa heshima zake, kisha ukae tusalimiane.

Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Shemeji na wapwa zangu wazima? Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri, ila tangu lori lake liuzwe chuma chakavu alikuwa amebaki mtu wa "ndiyo" na "hapana", utadhani yuko kizimbani.

Ndiyo maana nimemtengenezea lori lake upya, kwa mbao na bati, linaenea kiganjani. Usicheke. Najua ni mimi niliyepaka rangi kabati la Mama pamoja na paka aliyelala juu yake. Lakini ungeniona sasa! Burashi nimeinyoa kwa wembe hadi zikabaki nywele za kuhesabika. Navaa miwani juu ya miwani, nabana pumzi, nagusa. Mke wangu akipiga chafya jikoni, tairi linapata doa. Kutu nimeipata kwa rangi na majani ya chai yaliyosagwa, na ufa wa kioo cha mbele nimeuchora kwa sindano.

Siku moja Baba alipita nyuma yangu akasema, "Usisahau paa." Dada, nilitaka kuruka. Ushauri mzima, kutoka kwa Baba! Nikahamia juu ya paa la lori: kila bonde, kila mkwaruzo wa matawi, hadi kile kiraka cha bati.

Mama mdogo ameshakupigia simu, najua, kwamba Baba alipoliona alitoa machozi ya furaha. Habari hizo nilizieneza mimi.

Nisalimie Shemeji, mwambie bado namdai mchezo wa bao. Wapwa uwakumbatie. Mama anakuombea kila siku, na fundi cherehani wetu anauliza kama umenenepa, asije akakosea vipimo. Mungu akulinde uendako na urudipo.

Sasa ukweli wenyewe, maana wewe siwezi kukudanganya. Baba hakulia. Alilisogeza lori karibu na jicho, akaligeuza huku na huku. Nikamwonyesha paa, bonde moja baada ya jingine. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kiatu kimoja.

"Sawa," akasema. "Na paa wangu yuko wapi?"

Yuko, Dada. Si "liko". Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni yule mnyama uliyemchora utotoni kwa rangi iliyobaki, kwenye mlango wa dereva, pembe ndefu kuliko miguu. Sote tulisubiri uchapwe, na Baba akawa anamfuta vumbi kwa leso yake.

Nikashika burashi nimchore palepale. Baba akauziba mlango kwa kidole gumba.

"Huyo si wako," akasema. "Mwenyewe atakuja kumchora."

Tangu hapo hanyamazi, na kila anayepita anaulizwa likizo yako ni lini. Lori liko mezani kwake, mlango mmoja mtupu. Nikilisogelea na burashi, anakohoa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, rangi hadi masikioni.