Tambuu ya Bibi Nimeificha

Tuhina,
Nampeleka bibi yako hospitali. Dengu na samaki wa haradali viko jikoni, pasha moto. ~~Usimpigie baba yako, atachanganyikiwa.~~ Mpigie.

Asubuhi bibi alipiga mswaki, akatema mate mekundu. "Mkwe wangu, si tambuu tu hiyo?" Nikamwambia, "Mama, leo hujatafuna hata moja." Wiki mbili nzima nasuuza beseni lake bila kuangalia, nikidhani wekundu ule ni wa tambuu.

Daktari kanieleza kwenye simu. Dawa ya bibi ya kifua kikuu ilikuwa inalichochea ini livunje haraka dawa yake ya kuzuia damu kuganda, ndiyo maana wakamwongezea, kidonge kimoja kikawa viwili. Mwezi uliopita ya kifua kikuu ikaisha, tukagawa vitamutamu vya rosogolla mtaa mzima. Ini likarudia mwendo wake wa zamani, vidonge vikabaki viwili, sasa damu yake haigandi. Hakuna aliyeuliza. Hata mimi ninayempa kwa mkono wangu.

Nimechoka, mwanangu.

Kisanduku cha tambuu nimekificha kwenye pipa la mchele. Usimletee hata akikulilia. Nataka akitema nijue ni nini.

Mama