Ushindi Nilioutunga Vudee

Leticia, hutaamini nilichofanya leo! Nimejificha nyuma ya zizi.

Si unajua Blandina wetu yuko na timu ya taifa ya kikapu Kombe la Dunia? Kijiji kizima cha Vudee kilijaa uani kwa mama yake, mimi nawatangazia mechi kutoka kwenye simu.

Robo ya mwisho, tuko nyuma kidogo, mtandao ukakata. Mama yake akang'aka, "We Zefania, mbona umenyamaza? Mwanangu kafanyaje?"

Nikaendelea kutangaza. Kutoka kichwani! Blandina kachukua mpira, Blandina kafunga, Tanzania tumeshinda!

Leticia, mzee wa kanisa kaenda kugonga kengele. KENGELE! Mama Blandina kachinja jogoo, watu wanaimba.

Mtandao umerudi. Tumefungwa. Na Blandina kavunjika mguu robo ileile, katolewa kwa machela.

Kanitumia ujumbe sasa hivi: "Nitapiga, mpe mama simu. Nataka nimwambie mwenyewe, nisikie sauti yake."

Na mama huko uani anaita, "Zefania! Mpigie mwanangu, nimpigie vigelegele!"

Ungekuwa wewe ungefanyaje?