Spana Namba Kumi

Shanwe, Mpanda
3 Februari 1999

Kwa mpwa wangu Ponsian,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbeya, na kwamba baridi ya huko umeizoea. Habari za mama yako nimezipata kwa watu waliotoka Kibaoni. Wanasema dada yangu Romana ni mzima na mpunga wake umepata mvua ya kutosha.

Mimi si mzima. Moyo umechoka, miguu imevimba hadi magotini, na usiku nalala nimekaa. Daktari wa hapa nilimfundisha darasa la sita. Aliponiambia nipange mambo yangu alikuwa anaangalia sakafu.

Katika kupanga nimekutana na jambo nisilolielewa. Gari langu bado liko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Usukani uko vilevile kama siku ile ya Oktoba 1997, kifuniko kimepasuka na ule mfuko uliofumuka ndani yake unaning'inia, umegeuka rangi ya vumbi. Nimefundisha sayansi miaka ishirini na nane na sijui kile kitu kilifanyaje kazi.

Niulizie kwa mafundi wa huko. Mfuko ule unajaa hewa gani, na hewa hiyo inatoka wapi? Unahitaji umeme kiasi gani? Na hasa hili: waya wa betri ya gari ukiwa umetolewa, je, unaweza kulipuka?

Najua huna sababu ya kunijibu. Nijibu hata hivyo, na usikawie.

Mjomba wako,
Anselmo


Mbeya
27 Februari 1999

Mjomba,

Shikamoo. Salamu hiyo naiandika kwa sababu mama alinifunza hivyo. Pole kwa kuumwa. Mimi ni mzima.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta neno moja, sikuliona. Umeniandikia habari za kuku, za hewa na za umeme. Hukuuliza nilikula nini wiki ile nilipotoka Mpanda juu ya magunia ya mahindi, wala kama kuna mtu aliyenipokea.

Unauliza waya wa betri ukiwa umetolewa. Mjomba, waya niliutoa. Niliutoa kwa spana namba kumi ya Fundi Telesfori, nikauzungushia kitambaa chekundu usiguse chuma, kisha tukakaa tukanywa chai zaidi ya saa nzima kabla hatujagusa kitu. Nilisema hivyo siku ile. Nikasema tena kwenye kikao cha mtaa, uani kwa Telesfori, yeye akiwa bado hospitalini na bandeji kichwa kizima. Spana ilikuwa bado mfukoni mwangu, nikaitoa nikawaonyesha. Jamaa mmoja akacheka, akasema spana iliyoko mfukoni haijafungua kitu.

Ndipo ukasimama wewe. Watu wakanyamaza kama tuko darasani. Ukasema, "Nimeangalia mwenyewe. Waya uko mahali pake." Ukakaa. Nani angebishana na mtu aliyemfundisha kusoma?

Telesfori alipoteza jicho la kushoto na sikio la kushoto. Mimi nilipoteza jina. Umri wa miaka ishirini na sita, fundi kamili, nikaitwa mzembe aliyempofusha mwalimu wake wa kazi. Mama hauzi tena mchele Mpanda. Anauzia Kibaoni kwa bei wanayotaka wao, kwa sababu huko mjini wanamnyooshea kidole.

Majibu yako haya hapa. Nimeyatafuta kwa ajili yangu, si kwa ajili yako. Kuna mzee wa kazi hapa gereji anaitwa Maximilian, alikaa Ndola miaka mingi, ana kitabu cha magari ya namna ile. Wao wanauita eabegi. Ndani ya usukani hakuna hewa iliyojazwa kama ya mpira. Mfuko umekunjwa mkavu. Nyuma yake kuna kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali, na ndani ya kopo kuna kiwaya chembamba kama unywele. Gari likigonga kitu kwa nguvu, umeme kidogo unafika kwenye kile kiwaya, kinapata moto, vidonge vinawaka na kugeuka gesi, na mfuko unajaa kabla hujapepesa jicho. Baada ya hapo gesi inatoka kwenye matundu yaliyo nyuma ya mfuko. Kazi yake ni kuzuia kifua cha dereva kisivunjwe na usukani. Ni baruti, Mjomba. Ulituambia ni kama pampu ya baiskeli.

Ile taa nyekundu iliyokuwa haizimi, na honi iliyokufa, ndiyo sababu ya wewe kutuletea gari, ni ugonjwa mmoja. Chini ya usukani kuna utepe wa waya unaojikunja na kujikunjua dereva anapokata kona. Honi inapita humo, na eabegi inapita humo. Utepe ulikatika upande wa honi, na upande wa eabegi ukabaki unagusa na kuachia. Maximilian alisema tungebadilisha utepe tu, mchana tungekuwa tumemaliza.

Kuhusu betri: ukiitoa, kuna umeme kidogo unaobaki umehifadhiwa, unakwisha baada ya dakika kadhaa. Sisi tulikaa saa nzima. Tena ile plagi ya njano iliyo chini ya usukani, inayopeleka umeme kwenye eabegi, nilishaichomoa kabla ya kwenda mbele kuangalia honi yenyewe. Maximilian akasema, kwa hali hiyo haiwezi kulipuka, isipokuwa mtu aje na umeme wake mwenyewe. Akaniuliza kama kuna mtu aliyepima ile plagi kwa balbu. Nikamjibu sijui, nilikuwa nimeinama chini ya boneti.

Sasa nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyekuwa umesimama mlangoni mwa dereva.

Mpwa wako uliyemfukuza,
Ponsian


Shanwe, Mpanda
19 Machi 1999

Mpwa wangu Ponsian,

Salamu. Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi nimepungua kidogo tangu barua ile. Sasa naandika mistari mitano halafu napumzika, kwa hiyo usishangae wino ukibadilika.

Maelezo yako nimeyasoma mara moja, yakatosha.

Nilikuwa na betri nne za redio nimezifunga pamoja kwa karatasi, nyaya mbili, na balbu ya tochi. Ni kifaa kilekile nilichokuwa nikiwaonyesha darasani, hata wewe ulikishika. Ulipokwenda mbele nilichomeka nyaya zangu kwenye matundu mawili ya ile plagi, upande wa usukani. Nilidhani ni ya honi. Balbu haikuwaka. Mwanafunzi wangu ningemwambia aache, atafute kwanza anapima nini. Mimi nikatoa balbu, ili niunganishe nyaya moja kwa moja nione kama zitatoa cheche.

Unamjua Telesfori na desturi yake ya kusikiliza chuma kama mkunga. Alitaka kulaza sikio juu ya usukani asikie kama kitufe cha honi kinagonga ndani. Lakini alikuwa ameona yale maandishi ya Kizungu kwenye kifuniko, na nilishamwambia maana yake ni mfuko wa hewa. Akasita. Akaniuliza, "Mwalimu, ni salama?"

Nikamwambia, "Laza sikio lako, Telesfori. Hewa haijawahi kumuua mtu."

Akalaza sikio. Nikaunganisha.

Tangu siku ile nina hasira. Niliwakasirikia waliotengeneza gari na wasiandike kwa lugha ya watu. Nilikukasirikia wewe kwa kuchomoa plagi na kuiacha wazi. Nilimkasirikia Telesfori kwa kuniamini kama mtoto wa darasa la kwanza, mtu mzima na ufundi wake wote. Nimewakasirikia hata majirani wanaonisalimia kwa kuinamisha kichwa. Hasira hiyo yote nimeitembeza kwa watu wengine kwa sababu kwangu haikuwa na pa kukaa.

Kuhusu ule waya wa betri, inawezekana siku ile niliangalia vibaya.

Sasa unajua. Nimekuambia kabla sijafa, na nimeona ni haki yako.

Mjomba wako,
Anselmo


Mbeya
8 Aprili 1999

Mjomba,

Sina salamu leo. Afya yangu unaijua.

Wewe huangalii vibaya. Ulikuwa unaona nukta iliyosahauliwa kwenye daftari ukiwa umesimama mlangoni mwa darasa. Waya niliutoa na kuufunga kitambaa chekundu. Watu walipokuja kutazama jioni waliukuta kwenye betri, na kitambaa hakipo. Kitambaa kilikwenda wapi?

Usinijibu mimi. Mimi si padri. Unataka kuniambia mimi peke yangu, nikiwa mbali, kwenye bahasha iliyofungwa, halafu ufe ukiwa Mwalimu. Watu waje na mashada, wahutubie, na mimi nikae Mbeya na karatasi ambayo hakuna atakayeiamini. Watasema nimeighushi. Kule kwenye kikao walikataa hata spana waliyoiona kwa macho.

Barua yako nimeirudisha humu ndani. Ni mwandiko wako, Telesfori anaujua. Kaisome uani kwake, mahali palepale uliposimama mara ya kwanza. Ukishindwa kutembea, ubebwe. Mimi nilibebwa na mahindi.

Ponsian,
mtoto wa dada yako


Mbeya
10 Mei 1999

Mjomba,

Mwezi umepita. Mama ameniandikia kwamba bado u hai na kwamba unakunywa uji. Kama u hai na uji unapita, basi kinachokuzuia si ugonjwa.

Mpwa wako,
Ponsian


Shanwe, Mpanda
23 Mei 1999

Mpwa wangu Ponsian,

Salamu kutoka uani kwa Telesfori, ambako nimeletwa leo kwa kiti, watu wanne wakipokezana. Naamini u mzima. Mimi pumzi imekuwa ya kuhesabu, na mkono hauwezi tena kalamu. Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Rozalia, binti yake Telesfori. Nilimfundisha mimi mwandiko huu. Nimemwomba aandike kila ninalosema na asinisaidie kwa kulainisha. Hapa wapo watu kama ishirini, wengi ni walewale wa kikao kile. Barua uliyoirudisha imesomwa yote kwa sauti. Sasa nasema lililobaki, wanasikia, na Rozalia anaandika.

Waya sikuuangalia vibaya. Walipombeba Telesfori kumpeleka hospitali, wewe ukikimbia pamoja nao na damu yake kwenye shati lako, nilibaki na gari peke yangu. Nyaya zangu na betri za redio nilishaziweka mfukoni. Nikaenda mbele. Nilifungua kitambaa chako chekundu, nikaurudisha waya kwenye betri kwa vidole hivi. Nilikaza kwa vidole kwa sababu spana ilikuwa mfukoni mwako. Ungetikiswa ungetoka. Watu walikuja, wakainama, wakatazama. Hakuna aliyeutikisa, kwa kuwa Mwalimu alishasema. Kitambaa nilikichoma jikoni kabla hakujapambazuka.

Sikufanya hivyo kwa hofu ya polisi. Niliona aibu kwamba mtu wa elimu amelipua kitu mbele ya watu wa spana. Hilo tu. Kwa hilo nikamtupa mtoto wa dada yangu niliyemlea tangu ana miaka saba, na nikamwacha dada yangu anyooshewe kidole sokoni. Nimemtumia Romana ujumbe aje Mpanda na mchele wake. Mke wa mwenyekiti, aliyekuwa wa kwanza kumcheka, amesema hapa mbele ya watu kwamba atanunua kwake. Sijui kama atatimiza, lakini amesema na wamesikia.

Nilipomaliza, wengine walianza kusema Mwalimu ni mzee, Mwalimu anaumwa, yaishe. Telesfori akawaambia, "Nyie nyamazeni. Jicho si lenu."

Kisha akageuza kiti upande sikio lake zima linisikie. Nilitegemea anitukane. Aliniuliza jambo moja, kwa nini nilikuwa nampelekea machungwa hospitalini. Akasema, "Niliyala, Mwalimu. Nikakushukuru mbele ya wagonjwa wote. Nikawaambia, mnaona mtu mwenye utu?"

Rozalia aliacha kuandika hapo. Nilimsubiri. Sasa anaendelea.

Msamaha sijauomba. Niliona nikiuomba nitakuwa nawataka watu hawa wanipe kitu tena, na wameshanipa vya kutosha. Telesfori amesema mazishi yangu hatakuja. Amesema hatamzuia mtu mwingine, ila yeye siku hiyo atakuwa kazini. Nimemwambia ni sawa. Wapo walionung'unika kwamba mtu hasusii mazishi.

Barua ile ya Machi inabaki hapa kwa Telesfori, na hii imesomwa tena kwao kabla ya kufungwa, usije ukaitwa mwongo mara ya pili. Gari ni lako kama unalitaka. Usipolitaka, waachie kuku.

Nilikuwa nimwambie Rozalia amalizie hapo. Lakini Telesfori, ambaye alishanipa mgongo na kurudi kwenye gurudumu lake, ameuliza bila kugeuka kama barua bado iko wazi. Rozalia amemwambia iko wazi. Naye anasema iongezwe hivi, nami sibadilishi neno:

"Mwambie Ponsian spana yangu namba kumi anayo yeye. Asiitume kwa basi. Ailete mwenyewe, mchana, watu wakimwona."

Sahihi nimeiweka kwa mkono wangu.

Mjomba wako,
Anselmo