Mfuko wa Bibi Uvunguni

Dar es Salaam, Jumapili, 14 Novemba 1982

Mawingu tangu asubuhi, joto, na mvua imegoma kunyesha. Nafsi yangu haijatulia na sababu naijua, kwa hiyo naiandika kwa mpangilio.

Mke wangu Somoe bado amelazwa hospitali, anaumwa kifua. Watoto hawaruhusiwi wodini. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nimwambie Zuhura kwamba mama kaenda Lindi kumuuguza Bibi. Nikakubali. Mtoto wa miaka saba, nilidhani, hataulizauliza.

Kweli hakuuliza.

Leo mchana nikampeleka sinema, achangamke kidogo. Ilikuwa picha ya zamani ya Kiingereza, ya upelelezi: jumba kubwa, mvua isiyokatika, na binti mdogo anayelelewa na shangazi yake. Siku moja shangazi haonekani. Mumewe anasema kasafiri kwa treni. Nilikuwa namtafsiria Zuhura kwa kunong'ona, nikifuata maneno. Hakunisikiliza. Kiingereza hajui, kwa hiyo macho yake yalikuwa kwenye vitu.

"Mwongo huyo," akasema kwa sauti. "Mwamvuli wa shangazi si ule pale mlangoni?"

Ukumbi ukacheka. Jamaa mmoja nyuma yetu akaniambia, "Mzee, huyo mpeleke polisi akawasaidie kazi." Nami nikacheka, nikajiona baba mwenye bahati. Mwishoni maiti ya shangazi ikapatikana kisimani, mume akatiwa pingu.

Tulirudi kwa miguu. Magari hayaruhusiwi Jumapili mchana, tukawa tunatembea katikati ya barabara kana kwamba ni yetu. Tulipofika Msimbazi akautoa mkono wake mkononi mwangu.

"Baba, mfuko wa Bibi bado uko uvunguni."

Ni mfuko ambao Somoe ameujaza kidogo kidogo kwa kupanga foleni kwenye duka la ushirika: sukari, sabuni ya mche, doti ya khanga. Hakuna anayekwenda Lindi siku hizi bila vitu hivyo, sembuse mtu kama Somoe.

"Mama hawezi kwenda kwa Bibi mikono mitupu," akasema. Kisha akasogea mbali nami. "Umemweka wapi?"

Umemweka.

Nikachuchumaa pale pale barabarani nikamweleza ukweli: hospitali, kifua, sindano, sheria ya wodi. Alinitazama vile vile alivyokuwa akimtazama yule mume kwenye picha. Tangu turudi yuko chumbani kwa jirani yetu, Mama Hidaya. Kaomba alale huko. Mama Hidaya anasema mtoto kamuuliza kama nyumba hii ina kisima.

Simlaumu. Kwa nini aniamini leo, wakati juzi tu nilimletea salamu za Bibi ambazo nilizitunga mwenyewe?

Kesho, saa ya kuwaona wagonjwa, nitampeleka hadi chini ya dirisha la wodi. Mfuko tutaubeba. Somoe atakasirika kwamba nimevunja ahadi. Na akasirike, mradi asimame dirishani mtoto amwone.

Ila jana alishindwa hata kukaa kitako bila kushikwa.

Hilo sijamwambia Zuhura.